Kabla Halijachanua

Nairobi,
18 Mei 2025

Ndugu yangu Mwakio,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wazee wote huko Voi. Sisi huku hatujambo, ila masika yametushindisha tangu Aprili kwenye timbo, yale machimbo ya mawe ya zamani tunayoyarudishia uhai, na ndiyo sababu jibu langu limekawia.

Uliniuliza ni mti gani utakaoshika upesi kwenye mashimo mtakayoachiwa na wachimbaji wa vito, na kama mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje, unafaa. Tafadhali usiupande. Najua kwamba hustahimili ukame na chumvi, na kwamba hustawi hata pale mgunga unapodumaa, lakini sifa hizo hizo ndizo zilizowavutia waliouleta. Mwaka 1973 ulipandwa karibu na Mombasa, kwenye matimbo yaliyokuwa yakirudishiwa uhai baada ya mawe yake kuchimbwa kwa ajili ya saruji. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo ili kuzuia jangwa, na mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu haribifu. Bila shaka unawakumbuka wenyeji wa Baringo walioishtaki serikali na kumleta mahakamani mbuzi asiye na meno, wakieleza kwamba maganda matamu ya mti huo ndiyo yaliyomharibu kinywa. Mbuzi huyala maganda hayo, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, kisha huota kwenye samadi popote anapokwenda. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi kuliko mwanzo, kwa hiyo mtu hulazimika kufukua na kuukata chini, pale mizizi inapoanzia. Nyinyi mna mbuzi wangapi?

Huko huko Mombasa, mti uliofanya kazi kubwa ni mvinje, nao pia ulihitaji subira, kwa maana majani yake yalilundikana chini bila kuoza mpaka majongoo walipoletwa kuyatafuna na kuyageuza kuwa udongo. Hadithi hiyo naipenda sana, ingawa sidhani kwamba ukame wenu utawaruhusu kuiiga yote.

Kosa letu hapa Njiru lilikuwa jingine. Kikundi chetu cha majirani kilikwisha kusawazisha kingo za timbo na kujaza kifusi chini, tukabaki kutafuta udongo wa juu. Kontrakta mmoja aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba alituuzia malori kumi na moja, akituapia kwamba ni udongo mweusi wa shamba. Ulikuwa mweusi kweli, na hakuna aliyefikiri kwenda kutazama ulikochotwa. Baada ya wiki tatu za mvua, timbo lote lilikuwa kijani kibichi, nasi tukapeana mikono. Mama mmoja aliinama, akachuma jani lililochanikachanika, akalinusa na kuuliza ni nani aliyepanda dania. Lilikuwa gugu karoti (Parthenium), gugu la kigeni linaloenea upesi na kuwasha ngozi.

Tuliposhughulika kulitafutia jina, lilikwisha kutoa maua yake meupe, madogo kama punje za mchele uliovunjika. Mche mmoja uliokomaa waweza kutoa mbegu zipatazo 25,000, na mbegu hizo hukaa udongoni kwa miaka zikingoja mvua. Tulifanya pupa: vijana waling'oa kwa mikono mitupu, na mmoja wao akaota vipele kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko. Wengine walifyeka kwa panga, na visiki vikachipua na kuchanua tena, safari hii chini kabisa ambako panga halifiki. Tulipochoka tukanyunyizia glifoseti, ambayo iliua gugu pamoja na nyasi zote, na ardhi ilipobaki tupu, wa kwanza kurudi alikuwa gugu karoti mwenyewe.

Sasa tunang'oa asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, tukivaa glovu na mikono mirefu. Unaushika mche karibu kabisa na ardhi na kuuvuta na mzizi wake, kabla haujachanua. Uliokwisha kuchanua tunautia guniani papo hapo na kuuchoma ukikauka, kamwe hauingii kwenye mboji. Nyuma ya wanaong'oa hufuata wanaopanda vipande vya ukoka, na njahi, yale maharagwe meusi, katikati yake, kwa sababu nafasi tupu haikai tupu. Kila lori huoshwa magurudumu langoni, jambo ambalo madereva wanalichukia kabisa. Kazi hii inachosha, na sitakudanganya kwamba tumemaliza, lakini upande wa mashariki, ambako ukoka umefungamana, msimu huu tumeng'oa mafungu machache tu.

Jambo la mwisho, ambalo natamani mtu angeniambia mapema. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 humtaka mchimbaji airekebishe ardhi aliyoichimba, lakini sheria ya magugu haribifu humtwisha mwenye ardhi mzigo wa kuyaondoa. Basi kabla hamjapokea mashimo hayo, andikianeni ni nani atakayeng'oa, kwa miaka mingapi na kwa fedha za nani. Mchimbaji akikwisha kuondoa mitambo yake, hamtamwona tena.

Kuhusu udongo mnaotaka kuununua, usilipe bado. Chota kutoka sehemu tano tofauti za lundo, uchanganye, utie kwenye kopo la kilo mbili na unitumie kwa basi la usiku. Nitautandaza kwenye beseni hapa kwenye roshani, niumwagilie kwa wiki tatu, kisha nitakuandikia kilichoota.

Wako,
Kamau