Mwanangu, msimu huu hutarudi kuchuma

Mama yangu,

Marahaba. Salamu zako za Jumapili zilifika kwenye simu ya jirani, na nimezigawa kwa wote kama ulivyoagiza. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, mdogo wako ameota tena jino la mbele, bibi anakohoa kidogo usiku lakini asubuhi yuko kwenye karanga zake na jembe.

Nakuandikia nikiwa hapa banini, kwenye banda letu la kukaushia tumbaku. Tumepakia juzi, yale majani ya chini, na unajua mwenyewe kwamba moto ukishawashwa hauachwi. Ni siku kama saba za kulisha kuni usiku na mchana hadi majani yakauke. Kaka yako analala, zamu ya usiku ni yangu, na mwanga wa moto unatosha kuandika. Nimeziachanisha herufi ili usome mwenyewe. Usimpe shangazi unayekaa kwake huko Tabora akusomee. Ukikwama kwenye neno, liruke, maliza mstari, kisha urudi nalo polepole.

Kwenye simu ulisema mambo mengi kwa mkupuo, ukaanza kulia, salio likakatika. Nilibaki nimeshika simu ya watu. Nimeyaweka yote kichwani, nitakujibu moja moja.

La kwanza ni mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Umesema siku ya kwanza ulimkuta mwalimu wa zamu getini, ukapiga goti, ukasema mwangaluka, na watoto wakacheka hadi ukatamani ardhi ipasuke. Hukukosea, mama. Ulisalimia kama ulivyolelewa, na kwa heshima kuliko waliocheka. Ila Tabora mjini si Urambo. Darasani kwenu kuna Waha, Wamanyema, watoto wa askari na wa watumishi wa reli waliohamishwa kutoka mbali, na wote wanahitaji salamu moja ambayo kila mmoja ataielewa. Ndiyo maana mnasema shikamoo. Iseme, tena kwa sauti. Mwangaluka itunze kwa ajili ya bibi yako, ataidai ukija likizo ya Juni, na goti vilevile.

La nywele. Sitakuficha, mama yako naye alinyamaza muda mrefu shangazi alipotuambia umenyolewa. Zile nywele alizisuka yeye mkesha wa Krismasi. Lakini fikiria mnavyokaa: dawati moja watatu, wakati mwingine wanne, vichwa vimegusana juu ya kitabu kimoja. Mapunye yakimwingia mmoja leo, wiki ijayo yako dawati zima. Kichwa kilichonyolewa kinaoshwa kwa maji kidogo, na ugonjwa ukianza unaonekana mapema. Hiyo ndiyo sababu ninayoijua mimi, na inanitosha. Zitaota tena.

Kufagia na kubeba kidumu cha maji sina la kusema sana, maana nyumbani ulikuwa unafanya hivyo kabla jua halijatoka. Kidumu cha lita tano kikikulemea, jaza nusu. Mwalimu akiuliza, mwambie baba ndiye amesema.

Sasa kengele. Uliniambia, "Baba, huku kila kitu kengele." Kengele ya namba, kengele ya mstarini, kengele ya kuingia darasani, ya uji, ya kutoka. Ukasema vipindi vimerefuka na unachoka. Hapo hujadanganya, vimerefuka kweli. Darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika 30, na darasa la tatu kinakuwa dakika 40. Si kwamba mwalimu wako anawaonea. Umekua, na hizo dakika 10 ni za kufanya mazoezi baada ya mwalimu kueleza. Zamani ulikuwa unasikiliza, unaimba, basi. Sasa unasikiliza, halafu unaachwa na daftari lako. Uchovu unaousema ni wa hapo. Utauzoea kama nilivyozoea kukaa macho na huu moto.

Lakini kengele ninayotaka kukueleza kwa urefu ni ile usiyoisikia ukiwa hupo. Uliuliza, kabla salio halijaisha, kama uje utusaidie kuchuma. Ukasema unaweza kukosa wiki mbili tu, kisha urudi.

Hapana.

Naomba unisikilize vizuri kwenye hili, maana sijawahi kukusimulia. Mimi nilikuwa darasa la nne. Babu yako alikuwa na ekari tatu za tumbaku ya mvuke, na wewe unaujua mwendo wake: kitalu kabla ya mvua, kuhamishia shambani mvua zikianza, halafu ikifika Februari majani yanaiva kuanzia chini kwenda juu, na hayamsubiri mtu. Leo unachuma mawili matatu kwenye kila mche, wiki ijayo unarudi kwenye mche huo huo. Tazama sasa kalenda ya shule. Inafunguliwa Januari. Kwa hiyo muhula wa kwanza wote, wakati mwalimu anapanda mbegu za mwaka mzima ubaoni, ndio wakati shamba linapoita mikono. Babu yako hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majani yanayooza na watoto wenye mikono. Nilitolewa shule mwishoni mwa Januari, nikarudi baada ya Pasaka.

Asubuhi tulichuma majani yakiwa na umande. Ule unyevu unatoa nikotini kwenye jani na kuipitisha kwenye ngozi, na kwa mtoto haichukui muda. Nilikuwa natapika kabla ya saa nne, kichwa kinazunguka, nakaa kivulini, nikipata nafuu narudi mstarini. Tulidhani ni malaria. Nakuambia hili ujue kwamba hata likizo ya Juni utakuta nimekuwekea kazi nyingine, na kwenye majani mabichi hutagusa.

Niliporudi darasani nilikuta ubaoni namba moja imekaa juu, nyingine chini, na kamstari katikati. Wenzangu walizisoma kama wanavyosoma majina yao: robo, theluthi, tano kwa nane. Mimi niliona namba mbili zimebebana. Ningeweza kuuliza. Lakini niliogopa mwalimu angesema, "Ulikuwa wapi tulipofundisha?" na darasa lote lilijua nilikuwa wapi, maana mikono yangu ilikuwa bado myeusi kwa gundi ya tumbaku. Nikanyamaza. Kipindi kilichofuata kilijengwa juu ya kile nisichokijua, na kilichofuata juu ya hicho. Mwaka uliofuata nikatolewa tena. Darasa la saba nilifanya mtihani nikiwa nabahatisha.

Shangazi akikupitisha karibu na Shule ya Wavulana Tabora, simameni kidogo uyatazame majengo yale. Mwalimu Nyerere aliingia pale mwaka 1937. Darasa la kwanza alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, mkubwa kuliko wewe ulivyo leo. Kuchelewa kuanza hakukumzuia. Mimi nilianza mapema kuliko yeye, nikakatwa vipande vipande.

Sasa nikupe hesabu, uifanye. Mwaka aliozaliwa mdogo wako nilipeleka sokoni marobota 10, kila moja kilo 40, yote daraja moja. Bei ya tumbaku ilitajwa kwa dola, na bei ya daraja lile ilikuwa 1.75 kwa kilo. Karatasi niliyopewa nitie sahihi iliandikwa 1.57. Niliitazama. Niliona moja, nukta, saba na tano. Tarakimu zilikuwa zile zile nilizosikia zikitajwa, nikaona mambo ni sawa, nikatia sahihi. Aliyeandika alizigeuza, kwa uchovu au kwa makusudi mimi siwezi kusema. Kesho yake jirani aliyeuza uzito ule ule na daraja lile lile alinionyesha karatasi yake. Yeye ana dola 700, mimi 628. Niliporudi kulalamika nikaambiwa nimeshakubali kwa sahihi yangu. Zile dola 72 zilikuwa bati za jiko la mama yako. Ndiyo maana jiko bado la nyasi na mvua ikinyesha kwa upepo anapikia barazani.

Na unakumbuka ni nani aliyenifungua macho? Ni wewe. Mwaka jana, darasa la pili, ulikuwa umekaa kwenye mkeka na bibi mnakata viazi vya matobolwa. Ukachukua kiazi kimoja kilichochemshwa, ukakikata katikati, ukaniambia, "Baba, hii ni nusu." Ukakata tena. "Hii robo. Hizi tatu ni robo tatu." Kisha ukala moja na kuniuliza zimebaki ngapi. Nilitoka nje, mama. Sikuondoka kwa hasira kama ulivyodhani. Usiku ule nilimwamsha kaka yako anionyeshe jinsi robo tatu inavyoandikwa kwa nukta, akaandika 0.75. Nikaichukua ile karatasi ya zamani kwenye kopo, nikaitazama upya. Sasa nasimama kwenye mizani na daftari langu, naandika uzito, naandika bei, nazidisha mwenyewe kabla ya kushika kalamu ya sahihi.

Kwa hiyo ukisema wiki mbili tu, mimi naona wiki mbili za nini? Hujui ni zipi. Labda ndizo za kugawanya kwa namba mbili. Labda ndizo ambazo mwalimu atawaeleza herufi kubwa inaanzia wapi. Kitu usichokuwepo kinapofundishwa hakina jina kwako, huwezi hata kukiulizia. Msimu huu nimeongea na watu wawili watakaotusaidia kuchuma, tutawalipa baada ya soko. Nimepunguza nusu ekari. Mama yako amekubali. Hakuna mtu atakayekuita nyumbani kabla ya likizo, na mtu yeyote akikuambia baba kasema uje, mwambie umesoma barua yangu.

Ukiumwa ni jambo jingine. Hapo shangazi atoe taarifa kwa mwalimu wa darasa siku hiyo hiyo, na ukirudi usiende kucheza kwanza. Mwombe jirani yako wa dawati daftari lake, unakili ulichokosa, halafu nyoosha mkono. Ukiulizwa ulikuwa wapi, sema nilikuwa naumwa, naomba unieleze hapa. Maneno hayo yalinishinda mimi nikiwa na miaka 11. Yajaribu kwa sauti nyumbani kwa shangazi ili yasikukwame siku ikifika.

Kuna la fimbo. Ulilitaja kwa sauti ndogo, kwamba wanaochelewa wanachapwa. Kwa upande wako, wahi. Lala mapema, shangazi akuamshe saa kumi na moja na nusu, utafika kabla ya kengele ya namba. Ila ujue hivi: mimi ni mjumbe wa kamati ya shule hapa kijijini, na tulisomewa kanuni za mwaka 2002. Kiboko anatoa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye. Hakizidi vinne. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama shule inaye, na lazima kiandikwe kwenye daftari. Sipendi hata hivyo vinne, nimesema hivyo kwenye kikao na nitasema tena. Ukichapwa kwa kutojua jibu, au ukaumizwa, usinifiche kwa kuogopa nitasikitika. Mwambie shangazi jioni hiyo hiyo. Nitapanda basi la alfajiri, tumbaku itajikaushia yenyewe.

Nimempa konda mzigo wako. Kuna matobolwa, ya kwako na ya kumpa huyo mwenzako wa dawati uliyesema hana cha kula mapumziko. Kuna asali chupa moja ya shangazi. Kuna daftari mbili za mistari, moja ya miraba, penseli nne na kichongeo. Zile soksi nyeupe ni mama yako aliyenunua mnadani, alisema za mwanzo zitakuwa zimeshakuwa na rangi ya udongo wa Tabora.

Hapa kuni zinapungua, nitaamka niongeze. Nimeacha nyuma ya karatasi tupu. Niandikie hapo hapo, umpe shangazi ampe konda Jumamosi. Nataka kujua mnafundishwa nini wiki hii kwenye Hisabati, nataka jina la rafiki yako, na nataka jibu la hesabu hii: bani ina fito 300, robo tatu zimejaa majani. Tupu ni ngapi? Nionyeshe njia.

Baba yako