Mkimbiaji mwenye kazi na watoto asiige ratiba ya kambi

Mhariri,

Msimu wa mbio za marathoni unapokaribia, simu za watu hapa Nakuru na kule Kisumu hujaa ratiba za mabingwa: kukimbia mara mbili kwa siku, kilomita 180 hadi 200 kwa wiki, kulala mchana kati ya zoezi na zoezi. Walimu, wauguzi, makarani na wenye maduka huzichukua, wakapunguza kidogo hapa na pale, wakaanza. Haipiti muda mrefu kabla wengi wao kuwa wanauguza muundi, au wamekosana na watu wa nyumbani, au yote mawili. Nawasihi wasizichukue hata kwa nusu. Hazikutengenezewa nyumba yenye watoto.

Kambi, yaani mahali wakimbiaji wa kulipwa wanapoishi na kufanya mazoezi pamoja, ina sababu yake. Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni, kwa miaka mingi alikaa kambini Kaptagat kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, kisha akarudi kwa familia yake Eldoret wikendi. Yaani hata yeye, ambaye mbio ndizo kazi yake, hakujaribu kuyaweka yote chini ya paa moja. Edna Kiplagat, afisa wa polisi na mama, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka wa 2011 na tena 2013, lakini aliyemfunza ni mumewe, Gilbert Koech, ambaye pia alikuwa mkimbiaji. Muuguzi wa zamu ya usiku hana kambi, na huenda mwenzake nyumbani hana haja na mbio kabisa. Basi aanze kwa kuhesabu saa alizo nazo, kisha ndipo aulize ni kilomita ngapi zinaingia humo.

Kwa mtu anayeweza tayari kukimbia kilomita 10 bila kusimama, wiki 16 na siku nne kwa wiki zinatosha kumfikisha kilomita 42.195 za marathoni akiwa mzima. Jumatatu dakika 40 za polepole. Jumatano saa moja: dakika 15 za kupasha mwili moto, kisha dakika moja ya kasi na moja ya polepole mara 15, kisha dakika 15 za kutuliza mwili. Alhamisi dakika 40 tena, polepole. Jumamosi mbio ndefu. Polepole maana yake ni kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Anayelenga kumaliza kwa saa nne na nusu atakwenda dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita siku ya mashindano, lakini mazoezi yake mepesi yawe dakika 7 hadi 7 na nusu. Wengi hukosea hapa. Kwa kuwa wana muda mchache, hukimbia kila siku kwa kasi ya kati ili wasipoteze dakika, na matokeo yake ni miguu iliyochoka isiyoweza kasi siku ya Jumatano wala umbali siku ya Jumamosi.

Mbio ndefu ianze kilomita 14 wiki ya kwanza, ipande 16, 18, kisha irudi 14. Halafu 20, 22, 24, irudi 18. 26, 28, irudi 20. 30, na 32 wiki ya 13. Wiki mbili zinazofuata ni 22 na 14, na ya 16 ni siku yenyewe. Wiki za kurudi nyuma zisirukwe, kwani ndizo zinazowapa mifupa na kano nafasi ya kujijenga. Na kuna kikomo kingine muhimu kuliko kilomita: saa tatu na robo za kukimbia. Anayekimbia kwa dakika 7 kila kilomita atafika 27 au 28 kwa muda huo, arudi nyumbani. Zaidi ya hapo, uchovu anaoubeba wiki nzima ni mkubwa kuliko faida.

Sasa tuhesabu vizuri, kwa maana hapa ndipo nyumba huvunjika. Mbio ya saa tatu si saa tatu. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa tatu. Anaoga, anakula, anajinyoosha kitandani, na kuamka kwake ni saa sita mchana. Hiyo ni nusu ya Jumamosi, na katika nusu hiyo kuna mtoto aliyepaswa kusukwa nywele, nguo za shule za kufuliwa, soko, na mtu mwingine aliyeyafanya hayo yote peke yake. Aliyesema "natoka kukimbia kidogo" hakusema kweli. Aseme tangu mwanzo: Jumamosi, hadi saa sita, kwa wiki 16. Aiandike kwenye kalenda ya ukutani pamoja na siku ya mashindano, kabla ya kulipa ada ya kushiriki, na mwenzake aikubali au aikatae akiwa ameona tarehe zote, zikiwemo za kufungua shule na, kwa wenye shamba, za kupanda na kuvuna. Kisha mwenzake naye apewe saa zake, za kwake kweli, kwa mfano Jumapili alasiri nzima bila kuulizwa chai iko wapi. Na yaya asiongezewe kazi kimyakimya. Siku yake ya kupumzika si akiba ya mkimbiaji.

Huku kwetu Jumamosi ina mitego yake. Ni siku ya mazishi. Anayejua Alhamisi kwamba kesho kutwa atasafiri Siaya au Vihiga kwa matanga asijaribu kukimbia kilomita 24 Ijumaa usiku. Aihamishie Jumapili alfajiri, na Jumatatu apumzike, au aiache, aendelee na ratiba wiki inayofuata bila kulipiza. Waadventista, ambao ni wengi Nyanza, waiweke Jumapili tangu mwanzo. Zoezi lililokosekana halifidiwi kwa kukimbia mara mbili siku inayofuata. Kati ya manne ya wiki, la Alhamisi ndilo la kwanza kuachwa, la mwisho ni mbio ndefu.

Vitabu vya Ulaya humwambia mfanyakazi akimbie jioni, kwa sababu kiangazi chao kina mwanga hadi usiku. Ikweta inapita Maseno. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na jioni hakuna mwanga wa ziada. Anayetoka kazini saa kumi na moja ana saa moja na kitu, na hiyo ndiyo saa ya watoto kufanya kazi za shule na ya chakula kupikwa. Kisumu, alasiri ina joto na mara nyingi mvua ya radi. Kwa hiyo siku za kazi ni asubuhi, na anayelazimika kuanza gizani awe na mwenzake, avae jaketi la kung'aa kama la bodaboda, na akimbie upande wa kulia akiyakabili magari. Hata hivyo, ukingo wa lami umeinama. Kukaa upande mmoja kila siku huumiza goti na nyonga ya mguu mmoja. Barabara ya murram au uwanja wa shule ni afadhali, na anayeishi Nakuru atumie njia za udongo badala ya barabara kuu yenye malori.

Kukimbia kwenda kazini huokoa muda kuliko mbinu nyingine yoyote. Kutoka Lanet hadi mjini Nakuru ni kama kilomita 10, na mtu angekaa kwenye matatu vilevile. Nguo safi na taulo zipelekwe jana yake, na ofisini au jirani pawe na mahali pa kuoga, la sivyo mpango huu utakufa siku ya pili.

Usingizi ndio mkopo unaochukuliwa kwanza. Anayeamka saa kumi na moja kasoro robo alale saa tatu na nusu usiku, na hili nalo ni la kupatana nyumbani. Ukilala chini ya saa tano kwa sababu mtoto alikuwa na homa, zoezi la kasi ligeuzwe dakika 30 za polepole au liachwe. Wa zamu ya usiku walale kwanza, wakimbie baada ya kuamka. Kutoka kazini moja kwa moja hadi barabarani ndiko kunakoleta kujikwaa na kuteguka.

Chakula cha nyumbani kinatosha: ugali, ndengu, omena, viazi vitamu, nduma, mboga. Maharagwe na kabeji yasiliwe usiku wa kuamkia mbio ndefu, hujaza tumbo gesi. Chai, hata isiyo na maziwa, ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wanawake wanaokimbia huishiwa nayo upesi. Inywewe saa moja kabla au baada, na mboga ikamuliwe ndimu. Kwa mbio inayozidi dakika 90, changanya lita moja ya maji, gramu 60 za sukari, yaani vijiko vitano vya mezani visivyojaa sana, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu. Kunywa mafunda machache kila dakika 20, tangu mwanzo. Wanaongoja njaa au kiu hugonga ukuta kilomita ya 30, wanga wa misuli ukiwa umekwisha, na hapo hakuna kinywaji kinachofika kwa wakati. Maji matupu mengi kupita kiasi nayo ni hatari, kwani hupunguza chumvi ya damu.

Viatu vya mitumba, kama vya soko la Kibuye mjini Kisumu, vinaweza kuwa vizuri, lakini visichaguliwe kwa rangi. Viweke juu ya meza na uvitazame kwa nyuma: kisigino kikiinama upande mmoja, viache. Bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba. Povu zima hubonyea na kurudi, lililokufa ni gumu au lina mikunjo mingi midogo. Kikunje: kinapaswa kupinda penye vidole, si katikati. Hata kiatu ambacho hakijavaliwa, kikikaa miaka mingi, povu hukauka. Kipya huisha nguvu kati ya kilomita 500 na 800. Bajeti ya nyumbani ijue hivyo.

Mara mbili kwa wiki, simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, panda na ushuke polepole mara 15, raundi tatu. Watoto wanapenda kuhesabu. Zoezi hili huimarisha kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya mguu. Maumivu yanayokufanya uchechemee si ya kuvumiliwa, pumzika. Na malaria si mafua: mwenye homa asikimbie hata kidogo, na baada ya kumaliza dawa aanze kwa kutembea, kisha dakika 20, hata kama amebakiza wiki tatu.

Wa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, wakienda kushindana Eldoret kwenye mita 2,100, waanze kilomita 10 za kwanza polepole kuliko walivyozoea. Kufika siku moja mapema hakuzoezi mapafu. Kazi hiyo huchukua wiki.

Kwa waandaaji wa mbio nina ombi moja, na naomba gazeti lako liwafikishie: tangazeni miezi minne kabla saa ya kuanza, vituo vya maji na hasa saa ya kufungua barabara kwa magari. Mzazi anayehitaji saa tano na nusu akikuta barabara imefunguliwa baada ya saa tano, atamalizia kilomita za mwisho akipishana na matatu, na watoto wake wakimngoja mwishoni.

Mkufunzi wa wakimbiaji,
Lanet, Nakuru