Anzeni na shahada, masomo yafuate: barua ya wazi kwa wanaosomea nje ya shule

Marahaba, wanangu. Najua wenye adabu mmeshaniamkia kabla hamjaanza kusoma.

Barua hii ni yenu mnaosomea nje ya shule hapa Tanzania: wa QT (ule mtihani wa maarifa unaofungua njia ya kidato cha nne), wa kurisiti, yaani kurudia mitihani, mabinti mliokatizwa masomo na sasa mnasoma huku mnalea, mafundi mnaoshika daftari baada ya kazi, na watoto ambao wazazi wao waliamua kuwafundishia nyumbani kwa mtaala wa Cambridge. Nimewaweka kapu moja kwa sababu mbele ya meza ya udahili mna upungufu uleule. Hakuna mwalimu wa taaluma aliyewafuatilia akawaambia kombi hii, yaani mchanganyiko huu wa masomo, inakupeleka wapi na ile inakufungia nini.

Nimefundisha sekondari, na baada ya kustaafu nimeendelea na madarasa ya jioni. Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa hunijia vijana wenye vyeti halali, vya kufaulu kabisa, ambavyo haviwapeleki kwenye kozi wanayoitaka. Mtu amekesha na vitabu, amelipa ada, amefaulu, halafu anaambiwa kozi ya uuguzi haimhusu. Alichagua masomo kwanza, shahada akaiwaza matokeo yalipotoka. Geuzeni mpangilio huo. Tafuteni kwanza shahada mnayoitaka, msome sifa zake mstari kwa mstari, kisha mrudi nyuma mpaka kwenye fomu ya kujisajili mtihani.

Kabla sijaingia huko, niondoe hofu moja. Wengi wenu mnaionea haya ile herufi P inayotangulia namba yenu ya mtihani, wenzenu wa shule wakiwa na S. Acheni. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani lilelile, na sifa za chini zinazowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hazina safu ya wa shule na safu ya wa kujitegemea. Sisi wazee tumeyaona masharti yenye ubaguzi zaidi ya haya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mhitimu wa kidato cha sita hakutoka darasani akaingia moja kwa moja chuo kikuu hata kama amefaulu vipi. Ilibidi aende Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, afanye kazi, kisha apate neno jema la mwajiri na la chama tawala. Leo anayekutazama ni mwongozo wa udahili, na mwongozo haukujui wewe ni mtoto wa nani.

Sasa tuhesabu. Kwa aliyepita kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu, zile mnazoziita prinsipo, katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi, jumla isipungue pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa hiyo D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E ni 3, hazitoshi. Mwenye B moja na S moja ana pointi 4.5 lakini naye amekosa, kwa sababu S haihesabiki kuwa prinsipo. GS (maarifa ya jumla) na BAM (hisabati ya msingi) msizitie kabisa kwenye hesabu hii.

Wapo waliofanya kidato cha sita 2014 na 2015, na hawa ndio hunipa kazi kubwa. Miaka ile madaraja yalibadilishwa: A ilikuwa 5, B+ ikawa 4, B ikawa 3, C ikawa 2, D ikawa 1, E nusu. Mtu wa 2015 mwenye D mbili akisoma habari za leo anafurahi bure, kumbe ana pointi 2 tu. Huyo anahitaji angalau C mbili, au jumla nyingine ya prinsipo mbili inayofika 4.0. Mwaka wa kufanya mtihani una uzito sawa na alama yenyewe, na wauza fomu wa mitaani hawawaambii hilo.

Hizo pointi 4.0 ni kizingiti cha taifa. Juu yake kila kozi ina sifa zake. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya juu. Hapa ndipo wa kujitegemea wanapoumia zaidi. Kituo cha jioni mara nyingi hakina maabara, kina walimu wa Historia, Kiswahili na Jiografia, basi mwanafunzi anasajiliwa masomo yaliyopo kituoni. Binti anayetamani kuwa nesi anafanya HGK kwa sababu ndiyo iliyopo! Mwenye kituo hana kosa, anauza alichonacho. Wewe ndiye unayejua unakwenda wapi. Kama unataka sayansi, ulizia kwanza mazoezi ya vitendo utayafanyia wapi, ndipo ulipe ada.

Hilo huanzia chini zaidi kuliko mnavyodhani. Wa QT hasa, nisikilizeni. Mkishafaulu Mtihani wa Maarifa mnapata ruhusa ya kufanya kidato cha nne, na hapo hushawishika kuchukua masomo mepesi ili cheti kipatikane. Cheti kitapatikana. Lakini stashahada ya utabibu haitampokea aliyekwepa Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne, na masomo ya dini, pamoja na baraka zake zote, hayahesabiwi katika zile D nne za kuingilia vyuo vya kati. Anayetaka kuendelea na kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea naye anatakiwa awe na angalau C katika masomo matatu. Tazameni pia kalenda: kidato cha nne hufanyika Novemba na usajili wake huwa miezi ya mwanzo ya mwaka huohuo, kidato cha sita hufanyika Mei na usajili wake huwa mwaka uliotangulia. Mtu anayeamka Machi akitaka kufanya kidato cha sita cha Mei ile amechelewa mwaka mzima.

Na je, ni lazima kidato cha sita? Kwa wengi wenu nasema hapana, na nalisema nikijua wazazi watanuna. Kuna njia ya astashahada na stashahada. Ukiwa na D nne za kidato cha nne katika masomo yanayotakiwa, unaanza cheti mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, na ukitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 unaomba shahada. Ni mwaka mmoja zaidi ya kidato cha sita, lakini una mwalimu, una maabara au karakana, na hata usipofika chuo kikuu una taaluma mkononi. Kwa mtu aliyekuwa akijisomea peke yake usiku, mwalimu wa kila siku ana thamani kuliko mwaka mmoja ambao angeuokoa. Fundi mwenye cheti cha mafunzo ya ufundi cha VETA cha ngazi ya tatu asikate tamaa kwa sababu hana D nne: TCU inakitambua cheti hicho badala yake, ili mradi stashahada iwepo na GPA yake iwe safi. Ukimaliza stashahada, kumbuka kuomba AVN, namba ya uhakiki wa stashahada yako, kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, mapema. Bila namba hiyo chuo kikuu hakiwezi kuyasoma matokeo yako, na siku za mwisho za dirisha foleni yake haina huruma.

Yule wa D na E niliyemwacha njiani asidhani nimemsahau. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina programu ya msingi inayowapokea waliokosa kidogo. Mwenye angalau pointi 1.5 katika masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye GPA ya 2.0, husoma programu hiyo, na akitoka na GPA ya 3.0 pamoja na C katika masomo matatu ya kundi lake, anaomba shahada kama wengine. Nimesikia watu wakiiita njia ya waliofeli. Wanaosema hivyo hawajawahi kuona mtu mzima, ana duka na watoto, akipata GPA ya 3.0.

Wazazi wenzangu mnaofundishia watoto nyumbani, zamu yenu. Uamuzi wenu naustahi, na nimekutana na watoto wenu: wanasoma, wanahoji, wanazungumza na mkubwa bila kutetemeka. Lakini msichanganye nchi. Marekani, ambako kusomea nyumbani kunaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50, vyuo vingi husoma orodha ya masomo na alama iliyoandikwa na mzazi mwenyewe, insha za mtoto na kazi zake. Hapa kwetu ripoti ya mama, hata iwe ya kweli namna gani, haina mahali pa kuingizwa katika mfumo wa udahili. Kinachoingia ni matokeo ya mtihani uliosimamiwa na bodi inayotambulika, na kama bodi hiyo ni ya nje, kama Cambridge, matokeo yapelekwe Baraza la Mitihani yakafanyiwe ulinganifu. TCU haipokei karatasi ya Cambridge kavukavu.

Kwa hiyo mtoto akiwa na miaka 13 au 14, kabla hamjalipia mtihani hata mmoja wa IGCSE, ule wa Cambridge wa ngazi ya kidato cha nne, nendeni Baraza, au waandikieni, muulize masomo mnayokusudia yatalinganishwaje. Ulizeni kabla. Nimeona familia iliyouliza baada: mtoto ana akili ya kutisha, ana masomo machache ya IGCSE aliyoyapenda, hana A-Level (ngazi ya kidato cha sita) hata moja, na mzazi ameshika ripoti nzuri yenye picha. Msimu ule hakuna chuo cha hapa kilichoweza kumsaidia. Jambo jingine: mtahiniwa binafsi wa Cambridge lazima apate kituo kitakachokubali kumsajili, na si kila shule ya kimataifa hupokea watoto wa nje, hasa kwa sayansi zenye vitendo. Kituo kitafuteni mwaka mmoja kabla.

Niseme na hili la majina, dogo lakini limenikera miaka mingi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi Juma Hamisi, cha darasa la saba Said Juma, cha kidato cha nne Said J. Hamis. Mwanafunzi wa shule husahihishiwa na mwalimu wakati wa usajili. Wewe unaandikiwa na kijana wa steshenari mwenye haraka. Soma herufi kwa herufi kabla hajabonyeza kutuma. Chukua cheti cha kuzaliwa ukiweke mezani pembeni ya kompyuta, mlinganishe pamoja. Ukitaka kurekebisha baadaye utaanza safari ya viapo na wanasheria.

Na hapohapo steshenari kuna mtego mbaya zaidi. Tangu mwaka wa masomo wa 2017/18 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, na wengi hawana kompyuta, basi humwomba mwenye steshenari awaombee. Kwa wepesi wa kazi yake anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba maalum inayotumwa kwenye simu. Simu ya nani? Ya bwana steshenari, ambaye siku hiyo amesafiri, au anataka elfu kumi ndipo akusomee. Wekeni namba zenu wenyewe, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, nenosiri uliloliandika kwenye daftari lako. Anayejiita wakala wa TCU na kukuahidi nafasi, mkimbieni.

Mabinti wangu mnaolea, kwenu nina mawili tu. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua tena shule kwa waliokatiza masomo, na anayeona aibu kurudi kukaa na wadogo zake anayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo imekuwa ikiwapokea katika vituo vyake bila ada kupitia SEQUIP, mradi wa serikali wa elimu ya sekondari, hatua ya kwanza ikiishia kwenye QT na ya pili kwenye kidato cha nne. La pili, msikae sana. Bodi ya Mikopo huangalia umri, na mwombaji hatakiwi kuzidi miaka 35. Mwenye miaka 28 anayeanza QT leo ahesabu vizuri: QT, kidato cha nne, cheti, stashahada, na hapo ndipo anafika dirisha la mkopo wa shahada. Anafika, lakini hana mwaka wa kupoteza kwa kuchagua masomo yasiyo yake.

Mwongozo wa udahili hutolewa na TCU kila mwaka, bure, kwenye tovuti yake. Upo wa waliotoka kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, msisome usio wenu. Msiutumie wa mwaka jana. Na kila mwaka TCU huandaa maonesho ya vyuo pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambako maofisa wa udahili hukaa mezani wakijibu watu ana kwa ana. Mkienda, msiende kuchukua kalenda na kofia. Bebeni nakala za vyeti vyote, na namba za mtihani za kila mlipokaa, hata pale mlipopata somo moja tu, mkae mbele ya ofisa mpaka awaonyeshe mstari wa kozi yenu.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu