Kwa yule kaka wa barafu pale Mirongo

Jamani namtafuta yule kaka wa bodaboda aliyekuwepo uwanja wa Mirongo hapa Mwanza mechi yetu ya mwisho ya kikapu, ligi ya mkoa, mimi ndo yule niliyetegua enka robo ya 4, niliruka ribaundi nikatua juu ya mguu wa mtu. Msimu mzima timu yetu haina daktari, hela ni ya nauli na maji tu, sasa jamaa akaja na barafu alizokuwa kabeba toka soko la samaki la Mwaloni, za sangara kabisa (nimenuka samaki siku mbili, wife shahidi), akanifunga na leso yake akanipeleka mpaka Igoma na hela akagoma kuchukua. Kaka asante sana aisee, leso nimeshaifua, Jumamosi nipo palepale na magongo yangu.