Kinywaji cha matunda cha wanamichezo kiandikwe na kipimo cha chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie maelezo mliyochapa kwenye ukurasa wa afya, yanayoelekeza namna ya kutengeneza nyumbani kinywaji cha wanamichezo kwa kutumia matunda. Mimi ni kocha wa vijana wanaokimbia mbio ndefu, na jagi la kuchanganyia kinywaji hicho nalishika karibu kila siku ya mazoezi. Kwa hiyo nilisoma mstari kwa mstari. Machungwa mmeyaeleza vizuri, nanasi vizuri, asali na barafu vizuri, halafu mwisho kabisa mkaandika "chumvi kidogo ukipenda". Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Chumvi katika kinywaji hiki ndiyo kazi yenyewe. Ukiitoa, unachomfundisha msomaji ni kutengeneza juisi. Juisi ni nzuri na wala siipingi, lakini kijana anayetokwa na jasho kwa saa mbili mfululizo ana upungufu ambao juisi haiuzibi.

Nieleze kwa nini. Mtu mzima anayekimbia kwa bidii huweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita mbili kwa saa, ikitegemea mwili wake, kasi yake na hali ya joto. Jasho hilo karibu lote ni maji, lakini madini yanayotoka nayo kwa wingi ni sodiamu na kloridi, yaani chumvi ileile ya mezani. Lita moja ya jasho la mtu mmoja inaweza kuwa na miligramu 500 za sodiamu, na la mwenzake likapita 1,500. Potasiamu nayo hutoka, ila kidogo, kwa kawaida miligramu 150 hadi 300 kwa lita. Sasa geukia chungwa. Mililita 100 za maji yake zina kama miligramu 200 za potasiamu, ilhali sodiamu ni kama miligramu moja tu. Nanasi, embe na tikiti maji nayo yamekaa hivyohivyo: potasiamu ipo, sodiamu ni kama haipo. Anayekunywa maji ya matunda peke yake anarudishiwa kwa ukarimu kile alichopoteza kidogo, na kile alichopoteza kwa wingi hakirudi.

Ninaye binti mmoja kikosini ambaye akivaa fulana nyeusi, mazoezi yakiisha utaona mistari myeupe imejichora mgongoni na chini ya makwapa, imekauka kama unga. Ukipitisha kidole inakwaruza. Anayekimbia naye bega kwa bega, umri uleule, kasi ileile, fulana yake hubaki nyeusi vilevile. Hawa wawili hawapotezi chumvi sawa, na neno "kidogo" haliwezi kuwatosheleza wote. Yule wa kwanza chupa yake naikoleza zaidi. Nawezaje kukoleza zaidi kama sina kipimo cha kuanzia?

Historia ya vinywaji hivi nayo iko upande wa chumvi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, kocha msaidizi wa timu ya mpira wa Kimarekani, Dwayne Douglas, alimuuliza daktari wa figo Robert Cade ni kwa nini wachezaji wanapungua uzito sana wakati wa mechi na hawaendi haja ndogo. Cade na wenzake wakachanganya maji, chumvi na sukari. Kikawa hakinyweki. Mke wa Cade ndiye aliyeshauri kitiwe maji ya limau, na kinywaji hicho kikaja kuitwa Gatorade. Angalieni mpangilio huo: chumvi na sukari vilitangulia, tunda likaja baadaye ili watu waweze kumeza. Maelezo yenu yameanza na tunda, na chumvi ikaachiwa mlangoni.

Sukari nayo ina kazi zaidi ya kutia utamu na nguvu. Mwaka 1960, mwanasayansi Robert Crane alieleza katika mkutano mjini Prague jinsi glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na sodiamu zinavyoingia pamoja kwenye kuta za utumbo mwembamba, kila moja ikimpitisha mwenzake. Leo inajulikana kwamba molekuli moja ya glukosi hupita na sodiamu mbili, na maji hufuata nyuma yao. Elimu hiyohiyo ndiyo msingi wa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, zilizookoa watoto wengi wanaoharisha. Kwa hiyo tunda na chumvi vinahitajiana: tunda linaleta sukari, chumvi inaleta sodiamu, na vikikutana kwa kiasi kinachofaa maji hayachelewi tumboni.

Nasema kwa kiasi kinachofaa kwa sababu maelezo yenu yana tatizo la pili, yaani juisi haikuongezwa maji. Maji ya machungwa yasiyochanganywa yana sukari ya gramu 8 hadi 10 katika kila mililita 100, na ya zabibu hufika kama 15. Ukolezo wa juisi hizo, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, unazidi ule wa damu mara mbili na zaidi, na tumbo huzishusha polepole. Zikifika utumboni, maji hutoka kwanza mwilini kwenda kuzizimua. Isitoshe, sehemu kubwa ya sukari ya matunda ni fruktosi, ambayo ikizidi humezwa na utumbo kwa taabu. Kijana wangu mmoja alikuja na chupa ya juisi nzito ya zabibu, akainywa karibu yote kabla ya mzunguko mrefu. Tulipofika nusu ya njia akakaa pembeni, mikono tumboni. "Kocha, limenikaza." Hakuwa mgonjwa. Alipumzika, akanywa maji kwa mafunda madogo, akarudi kwa miguu.

Mimi nachanganya hivi. Nakamua machungwa, nachuja nyama na mbegu, napima nusu lita. Naongeza nusu lita ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kisha gramu moja na nusu ya chumvi laini, ambayo ni robo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Nakamulia nusu limau, nakoroga mpaka chumvi isibaki chini, naweka kwenye friji. Lita hiyo inakuwa na sukari ya gramu 40 hadi 50, sodiamu kama miligramu 600 na potasiamu kama miligramu 1,000. Sukari ya namna hiyo haisumbui tumbo, na sodiamu iko ndani ya kiwango cha miligramu 500 hadi 700 kwa lita ambacho wataalamu wa tiba ya michezo wamekuwa wakikipendekeza. Asali sitii, kwa kuwa sukari ya machungwa inatosha. Nikiwa na tikiti maji, ambalo sukari yake ni kama gramu 6 tu kwa kila gramu 100, natumia robo tatu ya lita ya maji yake na robo ya maji ya kawaida. Nanasi ni tamu zaidi, kwa hiyo napunguza hadi mililita 400. Chumvi inabaki ileile kwa matunda yote hayo. Wapo wanaosema maji ya dafu hayahitaji kuongezwa kitu. Potasiamu yake ni nyingi kweli, lakini sodiamu yake hubadilika sana kutoka dafu hadi dafu, nami siwezi kumtegemezea mkimbiaji kitu nisichokijua.

Ladha yake iwe hivi: unapomeza, utamu utangulie, chumvi iguse ulimi kwa mbali mwishoni. Kinywaji kikiwa baridi, chumvi hiyo haisikiki sana, ndiyo maana vijana wanakinywa bila kulalamika. Kikiwa na moto wa jua watakitema.

Sasa nije kwenye kijiko, na hapa naomba uvumilivu wako Mhariri. Kijiko cha chai cha kupimia kina ujazo wa mililita 5, na kikijaa chumvi laini ni kama gramu 6. Kijiko cha chakula ni mililita 15, yaani mara tatu. Mtu akichukua robo ya kijiko cha chakula akidhani ni sawa, ametia zaidi ya gramu 4, na kinywaji kitamtia kichefuchefu badala ya kumsaidia. Kijiko kilichofurika kinaweza kubeba karibu maradufu ya kilichosawazishwa. Chumvi ya chengachenga nayo hukaa kwa nafasi, kijiko kilekile kikabeba pungufu. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu humaliza ubishi wote huo, na asiye nayo apewe maelezo yanayosema ni kijiko gani, kimesawazishwa au la, na ni kwa lita ngapi. Chumvi ya rangi ya waridi inayosifiwa sana karibu yote ni kloridi ya sodiamu kama nyingine, kwa hiyo haina muujiza. Ya kuogopa ni ile inayouzwa kwa wenye shinikizo la damu kama chumvi yenye sodiamu pungufu. Nyingi kati ya hizo zimewekewa kloridi ya potasiamu. Ukiichanganya na machungwa umeongeza potasiamu juu ya potasiamu, na sodiamu uliyoitafuta umeikosa.

Msomaji wenu asije akadhani pia kwamba akishatia chumvi anaweza kunywa bila kikomo. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Dalili iliyojitokeza zaidi ni kwamba walikuwa wameongezeka uzito wakiwa njiani, maana yake walikunywa kuliko walivyotoa jasho. Kinywaji ninachokieleza hapa kina sodiamu ndogo sana kulinganisha na damu, kwa hiyo hakimkingi anayejijaza. Vijana wangu wanapanda mizani kabla na baada ya mazoezi marefu, wakiwa wamejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho iliyozidi walichokunywa. Anayerudi na uzito uliopanda, namwambia apunguze chupa. Anayepoteza zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake, namwambia aongeze.

Na kwa mazoezi ya chini ya saa moja, maji ya kawaida yanatosha. Mtoto aliyecheza mpira dakika arobaini anywe maji, ale chakula chake, na chumvi ataipata humo. Inaniuma kuona wazazi wanawajazia watoto vinywaji vya sukari kwa sababu tu vimeitwa vya wanamichezo.

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye shinikizo la damu au kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kukigusa. Na tafadhali andikeni kwa herufi zinazoonekana kwamba kinywaji hiki kisipewe mtoto anayeharisha. ORS inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ina glukosi ya gramu 13.5 kwa lita na sodiamu inayozidi kidogo miligramu 1,700. Changu kina sukari mara tatu ya hiyo na sodiamu theluthi yake, na sukari nyingi kwa anayeharisha huongeza kuhara. Mama akifuata maelezo ya gazeti kwa nia njema, anaweza kumdhuru mwanawe.

Usafi mnaujua: mikono, kisu, ubao, na hasa mifuniko ya chupa, maana kwenye nyuzi zake ndimo uchafu wa matunda unamojificha. Kisichonywewa ndani ya saa 24 kwenye friji kimwagwe. Ukimaliza kunywa sukutua kwa maji, kwa sababu asidi ya limau na chungwa hula meno taratibu.

Ombi langu ni kwamba mchape upya maelezo yale, kwenye ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule. Muandike chumvi gramu 1.5 kwa lita, robo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Muandike kiasi cha juisi na kiasi cha maji kwa mililita. Muandike ni nani asikinywe. Mkihitaji mtu wa kukaa na mwandishi wenu jikoni na mizani mezani ili apige picha kila hatua, niko tayari hata kesho, nitakuja na machungwa yangu.

Wako,
Kocha wa mbio ndefu, msomaji wenu wa siku nyingi