Mama, usiogope upepo wa ubavuni

Leeds, Uingereza

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baad, sisi wazima wa afya, watoto wanakusalimu, na baridi ndiyo hiyo hiyo.

Sauti uliyonitumia nimeisikia. Eti huji tena, kisa Kassim amekuonyesha video ya ndege inatua upande upande. Naijua hiyo. Ni Hamburg, Ujerumani, tarehe 1 Machi 2008, siku ya dhoruba waliyoiita Emma. Ncha ya bawa la kushoto iligusa lami kweli. Lakini Kassim alikwambia kilichofuata? Rubani aliipandisha ndege, akazunguka, akatua kwenye njia nyengine ya kurukia na kutua, na hakuna aliyeumia. Watoto wa siku hizi hukata habari pale pale penye khofu.

Sikudanganyi kwamba haitishi. Msimu uliopita wa baridi nilikuwa narudi kutoka Amsterdam. Kiwanja cha hapa Leeds kiko kilimani, mita 208 juu ya usawa wa bahari, tena kina njia moja tu, imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Na upepo mwingi wa nchi hii hutokea kusini-magharibi! Kwa hiyo unakupiga ubavuni. Tunashuka, mara taa za njia nikaziona kwenye dirisha langu la pembeni, badala ya kuwa mbele huko. Bawa linapanda, linashuka. Bibi mmoja wa Kizungu jirani yangu alikuwa anajaza fumbo la maneno gazetini. Kalamu ikawa inachora mistari tu, naye hataki kuiweka chini. Mimi niko na Ayatul Kursiyu yangu. Tumebakisha kidogo kugusa, injini zikanguruma, pua ikanyanyuka, tukarudi mawinguni. Kimya ndege nzima. Baadaye rubani akasema, bila haraka yoyote, kwamba upepo haukumridhisha na tutajaribu tena. Mara ya pili magurudumu ya upande wa upepo yaligusa kwanza, kisha ya upande wa pili, kisha la puani. Bibi akakunja gazeti lake.

Marehemu Baba angelifahamu jambo hili bila kuelezwa. Akitoka Wete, Pemba, kwenda Tanga, omo, yaani pua ya chombo chake, hakuielekeza Tanga. Aliielekeza kusini yake, kwa kuwa mkondo unavuta kaskazini. Rubani naye huielekeza pua kule upepo unakotoka. Ndege inaonekana imekaa mshazari, kumbe njia inayoifuata imenyooka. Ikikaribia kugusa ndipo anakanyaga pedali, usukani wa mkiani unaizungusha ndege ilingane na lami, na bawa la upande wa upepo analilaza kidogo isisukumwe pembeni. Kidogo tu, maana injini zinaning'inia chini ya mabawa, zisije zikagusa lami.

Wala haachiwi kujipimia mwenyewe. Ndege kama Airbus A320 ilijaribiwa kwa upepo wa ubavuni wa takriban kilomita 60 kwa saa, na mashirika hujiwekea mipaka yao. Upepo ukiipita, hawatui hapo, wanakwenda kiwanja chengine. Kwa hiyo ukisikia injini zinanguruma na ndege inapanda tena, usipige kelele Mama. Hilo wamefundishwa na wanalifanyia mazoezi. Mimi namuogopa zaidi rubani anayelazimisha kutua kwa sababu ana haraka.

Safari yako nimeipanga Juni, dhoruba za baridi zimekwisha. Tena hushukii Leeds, unashukia Manchester. Njia zake mbili zimeelekea kusini-magharibi, huo upepo unaipiga ndege usoni, na wa usoni ndio marubani wanaoutaka. Hata huko kwetu Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, njia imelazwa kaskazini na kusini, kwa hiyo kusi na kaskazi zote mbili huja mbele au nyuma ya ndege zaidi kuliko ubavuni. Umeshapanda ndege hapo kwenda Dar bila wasiwasi wowote.

Kiti nimekuchagulia karibu na mabawa, huko mtikisiko si mkubwa kama wa nyuma. Ni cha upande wa njia, si dirishani, najua miguu yako. Mkanda ufunge safari nzima hata kama taa imezimwa. Nyama usibebe, forodha wa huku wanaitupa. Halua ya Wete lete, na uifunge vizuri kwenye begi kubwa. Kassim nimeshampigia simu.

Mwanao,
Salma