Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Mfuko wa Elimu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mapato na matumizi zimo kwenye taarifa ya mhazini mliyogawiwa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Nitazungumzia kazi yenyewe: fedha yetu inamfaa wapi mtoto wa familia masikini, na inapotelea wapi.

Mfuko huu ulianza kwa kulipa ada. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na sita. Watoto wetu bado wanakwama. Wanakwama kwenye godoro, nauli, chakula cha mchana, cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa. Ni mambo ya gharama ndogo, ila kila moja lina tarehe yake, na tarehe ikishapita hata ukiwa na fedha mkononi haisaidii. Mapendekezo yote ya kamati mwaka huu yanatokana na hilo.

Naanza na wanaomaliza darasa la saba. Mtihani ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia darasa ambamo fizikia, jiografia na hisabati vyote ni Kiingereza. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao pre-form one. Wa kwetu miezi hiyo wanachunga au wanauza karanga. Madarasa yetu ya maandalizi yasikimbilie mada za kidato cha kwanza, atazikuta hukohuko. Yafundishe msamiati wa masomo, maneno kumi kwa siku, yasomwe kwa sauti na kutungiwa sentensi. Yafundishe pia vitenzi vya maswali ya mtihani: taja, eleza, tofautisha, linganisha. Mwanafunzi asiyevijua hukosa alama za jibu analolijua.

Kuhusu chakula kwenye shule za kutwa, makande ya gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa mtoto, kwa siku 194 za masomo, ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 10 za maharage kwa mwaka. Tuwanunulie watoto wetu wakati wa mavuno. Tukisubiri Februari, fedha ileile hununua pungufu. Mahindi yakauke sawasawa kabla ya kufungwa, la sivyo huota ukungu na kuleta sumukuvu. Maharage yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana wadudu huyabungua kabla muhula haujaisha.

Mkimjua msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, mwambieni mzazi wake kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Mfuko utagharamia sare na vifaa vyake.

Sasa nije kwenye mkopo wa elimu ya juu, maana hapa ndipo tunapopoteza vijana waliokwisha kufaulu. Kijana ana alama zake za kuingia chuo kikuu, familia inatambulika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, lakini anakosa mkopo kwa sababu ya karatasi. Kidato cha sita wanamaliza mitihani Mei. Muda mfupi baadaye wengi wanaitwa JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na dirisha la Bodi ya Mikopo mara nyingi hufunguliwa Juni au Julai. Yaani maombi yanafanyika kijana akiwa kambini, na vyeti viko kwenye sanduku la bibi. Kwa hiyo nyaraka zikamilike mwezi Machi, akiwa bado shuleni.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa waliozaliwa Zanzibar, kwenye wakala wa usajili wa huko. Yatima ahakikishe vivyo hivyo cheti cha kifo cha mzazi. Maelezo ya mdomo na barua ya mjumbe havitoshi. Mzazi mwenye ulemavu ajaziwe fomu na kuthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo TASAF itoe namba yake kama ilivyoandikwa. Na hili linatuhusu sisi moja kwa moja: kijana tuliyemsomesha shule binafsi lazima awe na barua yetu ya ufadhili. Bila barua hiyo, ada ya shule binafsi inahesabika kuwa uwezo wa wazazi, na msaada wetu unageuka kuwa kikwazo chake.

Kosa linalojirudia zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi. Hilo linahitaji hati ya kiapo, na haipatikani siku ya mwisho. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili za mtihani. Atumie namba ileile kuombea chuo na mkopo. Fomu ikishajazwa mtandaoni na ada ya maombi ya shilingi 30,000 kulipwa, huchapishwa, ikasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa au kijiji, na hakimu au wakili. Kisha kurasa zenye sahihi hupakiwa tena kwenye mfumo. Picha ya simu iliyopigwa gizani haisomeki. Bodi hutoa muda wa kusahihisha kasoro, lakini muda huo unamfaa anayeingia kwenye akaunti yake kila wiki.

Namba ya simu nayo ina madhara makubwa. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Vijana huandika namba ya mwenye duka la intaneti au ya mjomba, na ujumbe unaishia huko. Kila kijana awe na laini iliyosajiliwa kwa jina lake.

Mkopo ukishapatikana bado kuna pengo. Boom la kwanza, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, linaingia baada ya usajili, na usajili wenyewe unadai fedha: bima ya afya 50,400, ada ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000, michango ya chuo. Mwenye nyumba nje ya chuo anataka kodi ya miezi mitatu au sita. Kwa kiwango cha Bodi cha shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, kijana anayesubiri mwezi mzima amepungukiwa 300,000. Hapo ndipo anapokopa kwa riba, au anaacha vipindi akafanye kibarua. Alama za kazi za darasani zilizopotea mwezi wa kwanza humfuata hadi mtihani wa mwisho, na akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, mkopo nao unasimama.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fungu lililotengwa kwa ada lihamishiwe kwenye fedha ya kuvukia mwezi wa kwanza wa chuo, kwa mkopo usio na riba unaorudishwa boom likiingia. Aliyekosa mkopo wa Bodi tusimwache: tumsaidie kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa, na wakati huohuo tumtazamie mafunzo ya ufundi VETA au stashahada, kwa kuwa Bodi sasa inakopesha pia baadhi ya fani za stashahada.

Siku ya nyaraka itakuwa Jumamosi ya pili ya Machi, ofisini kwetu. Tunahitaji kompyuta nne, skana mbili na wakili mmoja wa kujitolea kwa ajili ya viapo. Wenye navyo wajiandikishe kwa katibu kabla hamjaondoka ukumbini.